Baiskeli ikipunguza mwendo tu wamefika: wadudu wa safari ndefu ya kutoka Dar

Kila tukipanga safari ndefu, iwe Dar kwenda Iringa au ile ya pwani ya Bagamoyo, Pangani mpaka Tanga, mgeni kwenye kundi lazima aulize: "Jamani, dawa gani nzuri ya wadudu?" Kama vile wadudu wote ni mtaa mmoja, wana mwenyekiti wao, ukishamalizana na mwenyekiti wengine wanatulia.

Siwacheki, maana na mimi nilianza hivyohivyo. Safari yangu ya kwanza ya Iringa nilinunua chupa moja ya dawa ya kupaka pale Kariakoo, nikajipaka kuanzia kisogoni mpaka kwenye vidole vya miguu kama mtoto anayepelekwa kwenye mkesha, nikajua kazi imeisha. Mbu kweli walinikwepa. Ila mbung'o walinishona mgongoni kupitia jezi, nyuki akaingia kwenye helmeti, mwenzangu akaungua shingo na mdudu ambaye hata hakumuuma, na kunguni wa gesti nikarudi nao mpaka Tabata. Chupa ilibaki nusu.

Kitu ambacho mtu angeniambia mapema ningeokoa hela na ngozi ni hiki: ukiwa kwenye baiskeli, anayekuuma anategemea sana mwendo wako. Kila mdudu ana alama yake anayoifuata, huyu anafuata pumzi, yule mwendo na rangi, mwingine mwanga wa taa, mwingine unyevu wa nguo, na kila mmoja ana spidi yake ya kuruka na saa zake za kazi. Ukienda kilomita 25 kwa saa unakutana na watu wengine kabisa, ukipanda mlima Kitonga kwa 6 unakutana na wengine, ukisimama wanakuja wengine, ukilala ndo usiseme. Dawa ya kupaka inafanya kazi kwenye sehemu ndogo tu ya hiyo safari.

Tuanze na mbu maana ndo anaogopwa zaidi. Mbu anayeuma ni jike, anataka damu kwa ajili ya mayai, na anakutafuta kwa hewa unayotoa puani, ile kabonidayoksaidi, halafu akisogea karibu anafuata joto na harufu ya jasho na ngozi yako. Mbu wa malaria, anofelesi, anapenda sana harufu ya miguu. Kuna mtafiti Mholanzi anaitwa Bart Knols alionyesha kwamba wanavutwa na jibini moja ya kule Ulaya inayonuka kama soksi ya siku tatu, na mwaka 2006 yeye na mwenzake wakapewa ile tuzo ya utafiti unaochekesha kwanza halafu ndo unafikirisha. Kwa mwendesha baiskeli hiyo sio vichekesho, umekanyaga pedali kilomita 90, umevua raba, umekaa kwenye kiti cha plastiki unasubiri chipsi, sasa fikiria harufu inayotoka chini ya meza.

Lakini mbu anaruka polepole, mwendo wa mtu anayetembea bila haraka. Kwa hiyo ukiwa unatembea na baiskeli hata kwa spidi ya muuza maziwa, hakupati, upepo wako mwenyewe unamtupa, ni kanuni ileile ya feni chumbani. Shida ya mbu inaanza pale unaposimama, na hapa watu wengi wanakosea saa. Wanajua mbu ni wa usiku, basi asubuhi hawana habari. Mbu wa dengi, edesi, anauma mchana, hasa asubuhi kukishakucha na jioni kabla jua halijazama, na ni mbu wa mjini kabisa, anazaliana kwenye tairi la zamani, kwenye kopo, kwenye sahani ya chini ya chungu cha maua. Dar tulipigwa na mlipuko wa dengi 2014 na tena 2019, wengi mnakumbuka. Sasa sisi tunakutana Ubungo saa kumi na mbili asubuhi, tumevaa kaptula, tunasubiri wale wawili wanaosema "nipo njiani" wakati ndo wanapiga mswaki, dakika arobaini zinapita. Pale ndo sehemu ya hatari kwenye safari nzima kwa upande wa dengi, na hata hatujaondoka mjini. Kwa hiyo dawa ya kupaka ipake nyumbani, usisubiri jioni ya Morogoro.

Na ukipaka, losheni ya jua inatangulia, iache iingie kwenye ngozi, halafu dawa ya mbu juu yake. Dawa nyingi za madukani zina DEET. Hiyo haiui mbu, inamvuruga tu asielewe kwamba wewe ni chakula, na ya asilimia 20 mpaka 30 inakaa masaa kadhaa, ila jasho linaiondoa haraka kuliko chupa inavyoahidi. Sasa sikiliza hii maana hawaiandiki kwa maandishi makubwa: DEET inayeyusha plastiki. Mimi niligundua baada ya Chalinze, raba za hendeli zikaanza kunata kama ubuyu ulioloa, nikadhani ni jua, kumbe ni viganja vyangu. Miwani ya jua nayo ikawa na ukungu usiofutika, na kaptula ya kubana inaharibika pia. Ukipaka futa viganja kwanza ndo ushike baiskeli, au tafuta dawa yenye pikaridini, ile haina tabia hiyo, ingawa kuipata Dar inabidi uzunguke famasi kidogo.

Haya, tumeondoka, tumepita Kibaha, barabara imetulia, spidi imepanda. Hapa hakuna anayekufuata, wewe ndo unawafuata. Unagongana nao. Mdudu mdogo kwenye jicho ukiwa na lori la mafuta nyuma yako sio jambo la kucheka, utafumba macho, hendeli itayumba, na bega la barabara yenyewe mnalijua. Miwani basi, yenye vioo vyeupe kwa jioni, na mdomo ufunge, pumua kwa pua kama unaweza, mimi mlimani siwezi.

Wa kuogopa kwenye spidi ni nyuki, na simaanishi kundi, namaanisha mmoja. Helmeti ina matundu ya hewa mbele, nyuki anaingia kwenye tundu kama barua kwenye sanduku la posta, halafu ananasa kwenye nywele. Unasikia mlio ndani ya kichwa chako, zzzz, na akili yote inakwambia piga. Mimi nilipiga. Akaniuma juu ya sikio, nikaachia hendeli ya kulia, nikaingia kwenye mchanga, nikaanguka kama gunia, na goti lile mpaka leo likiona mvua linanikumbusha. Kumbe cha kufanya ni kutoka kwanza barabarani, simama kabisa, ndo ufungue helmeti taratibu. Kuumwa na nyuki mmoja kunauma tu, lori linaua. Siku hizi navaa kitambaa chepesi chini ya helmeti na sijapata abiria tena.

Ukiumwa, mwiba wa nyuki unabaki kwenye ngozi na kifuko chake cha sumu, na kile kifuko kinaendelea kusukuma hata nyuki mwenyewe akiwa ameshakufa. Watu wanabishana kama ukwangue kwa kadi au uvute kwa kucha, wakati wanabishana sumu inaingia. Toa haraka kwa chochote ulichonacho. Na ondoka pale, maana mwiba ukichoma unaachia harufu ya kuita wenzake, harufu ambayo inafanana na ndizi mbivu kwa sababu kemikali yake kubwa ndo ileile inayoipa ndizi harufu. Nyuki wa kwetu wanajulikana duniani kwa hasira, wakikuamulia hawaji wawili watatu. Kama ni kundi, usizungushe mikono, usijitupe kwenye maji maana watakusubiri juu, kimbia mstari ulionyooka mpaka uingie ndani ya nyumba au gari. Baiskeli kwenye mteremko inaweza kukuokoa, nyuki anafika kama kilomita 24 kwa saa hivi. Kwenye kupanda utamwacha Mungu aamue. Na ukiona mtu ameumwa mara moja tu lakini midomo inavimba, mwili mzima unatoa vipele, pumzi inabana, huyo ana mzio, ni hospitali saa hiyohiyo kwa usafiri wowote unaopita, sio kumpa maji ya glukosi na kumpepea.

Sasa tuje kwa mwenyewe, mbung'o. Huyu nataka nikae naye kidogo kwa sababu ndo anavuruga hesabu zote.

Barabara ya Iringa inapita katikati ya hifadhi ya Mikumi kama kilomita 50. Pale kuna tembo na simba, sisi hatupigi pedali, tunatafuta fuso linalorudi tupu tunapakia baiskeli na sisi wenyewe nyuma. Unaona raha, unapumzika, upepo unapiga. Baada ya dakika chache mtu anaruka, "Aah! Nini hiki!" Mwingine naye. Yaani gari linakimbia na bado wanakuja, na chupa yangu ya Kariakoo nimeipaka mpaka masikioni.

Sababu ni kwamba mbung'o hatafuti kama mbu. Anatumia harufu ndio, lakini macho yake ndo makali, anaona kitu kikubwa kinachotembea na kwake hicho ni nyati au mnyama mwingine wa kunyonya. Gari kwake ni mnyama mkubwa sana. Na anaruka kwa nguvu, kilomita kama 18 mpaka 20 kwa saa, hiyo ndo spidi ya baiskeli yenye mizigo siku nzuri. Kwa hiyo ule ushindi wetu kwa mbu haupo hapa, kukimbia ndo kunamuita. Anauma mchana, dume na jike wote wananyonya, na mdomo wake unapita kwenye jezi na soksi bila shida. DEET haimsumbui sana.

Kinachofanya kazi ni rangi. Mbung'o anavutwa na bluu, hasa bluu iliyokolea, na nyeusi inamfanya atue. Ndo maana kwenye maeneo ya hifadhi mtaona vitambaa vya bluu na nyeusi vimening'inizwa kando ya barabara, sio bendera za chama, ni mitego, vimepakwa dawa. Sasa kwenye lile fuso kuna jamaa yetu alivaa jezi ya Azam, bluu tupu, na kaptula nyeusi. Alikuwa mtego unaotembea. Waliacha watu wote wakamwendea yeye, mpaka tukawa tunakaa mbali naye kama ana deni. Rangi zisizowavutia sana ni za njano na kijani, na kwangu mimi mtu wa Msimbazi, shabiki wa Simba, kuandika sentensi hii ni uchungu mkubwa, lakini sayansi ni sayansi, Mikumi pita na jezi ya Yanga. Au kaki, ili kulinda heshima. Nguo iwe nene kidogo na pana isibane ngozi.

Sio kila mbung'o ana malale, ule ugonjwa wa kusinzia anaoueneza, tena wengi kabisa hawana, na wagonjwa wa malale ni wachache sana ukilinganisha na malaria. Ila aina iliyoko upande wetu wa Afrika Mashariki ikimpata mtu inakwenda haraka, ni wiki sio miaka, kwa hiyo sio ya kupuuza. Nitarudi hapo mwishoni.

Kabla sijamuacha, kuna kitu Watanzania wengi hatukijui na tungepaswa kutamba nacho. Unguja ilikuwa na mbung'o wake, walikuwa wanaua ng'ombe. Hawakuwamaliza kwa dawa peke yake. Walifuga mbung'o Tanga, mamilioni, wakawapiga madume mionzi mbegu zao zikawa haziwezi kuzalisha, halafu wakawa wanawamwaga juu ya kisiwa kwa ndege kuanzia 1994. Mbung'o jike kwa kawaida anapandwa mara moja tu maishani, na hatagi mayai, anazaa buu mmoja mmoja kila baada ya siku kama tisa au kumi, mdudu mwenye uzazi wa taratibu kuliko hata baadhi ya wanyama. Kwa hiyo jike akikutana na dume la namna hiyo, basi, habari yake imeisha. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa 1996 na mwaka uliofuata Unguja ikatangazwa haina mbung'o. Mbinu hiyohiyo bara ni ngumu maana kisiwa kina mwisho na Mikumi haina, wengine wataingia tu kutoka pori la jirani.

Tukishashuka kwenye fuso tunaendelea mpaka Ruaha Mbuyuni, bonde la mibuyu na vitunguu, joto kama tanuri. Kesho yake ni Kitonga. Kule juu unapanda kwa spidi 6, na wanakuja wadudu wadogo weusi kama nukta, hawaumi, wanataka tu maji ya machoni na jasho. Ndo wanaotesa kuliko wote kisaikolojia, mikono miwili iko kwenye hendeli, wao wako kwenye kope. Hakuna dawa, ni miwani na kitambaa kilicholowa shingoni, na matusi ya kimoyomoyo. Akiingia kwenye sikio usichokonoe na spoku wala kijiti, lala ubavu, mtu akuwekee matone ya mafuta ya kula yenye uvuguvugu, anakufa kwanza ndo anatoka, labda uwe na sikio bovu lenye tundu, hapo nenda kwa daktari.

Lakini kabla ya Kitonga kuna usiku wa Mbuyuni. Tumefika jioni, tumepiga hema nyuma ya mgahawa kwa ruhusa ya mama mwenye mgahawa, tukawasha tochi za kichwani tunapika. Mvua ilikuwa imenyesha juzi yake. Mwenzangu akahisi kitu kinatembea shingoni, akapiga pa, akafuta na kiganja, akaendelea kusonga ugali. Asubuhi hamna kitu. Mchana shingo nyekundu, kesho yake mstari wa malengelenge kama amechapwa fimbo ya moto, na kwenye kope la jicho la kulia pia, kwa sababu kile kiganja alikuja kujifutia jasho usoni.

Huyo ni nairobi flai. Jina linadanganya mara mbili, sio inzi, ni jamii ya mbawakawa, mdogo mwembamba kama sentimita moja hivi, rangi nyeusi na nyekunduchungwa kwa zamu. Haumi wala hachomi. Sumu iko ndani ya mwili wake, ukimponda ndo inatoka, na inakaa kimya karibu siku nzima ndo ngozi inaungua, kwa hiyo mtu anashindwa hata kukumbuka alifanya nini. Akikutua, mpulize, au muache apande kwenye karatasi umtupe. Ukishamponda osha kwa sabuni hapohapo, na viganja pia, kabla hujashika macho. Na yeye anafuata mwanga, basi tochi ya kichwani ni kama umejifungia tangazo la hoteli kwenye paji la uso. Sisi siku hizi taa tunaitundika kwenye baiskeli mita kadhaa pembeni, wadudu waende kule, sisi tunakula kwenye nusu giza. Mama wa Mbuyuni alituona na malengelenge akasema, "Wanangu, huyo hapigwi, anapulizwa," kwa sauti ya mtu anayeshangaa huko mjini mnafundishwa nini.

Hapohapo kwenye kambi angalia chini kabla hujapiga hema. Mstari wa siafu ukiuona usibishane nao, usimwage maji wala kukanyaga, hamisha hema, wao hawahamishi njia. Majani marefu yana kupe, ambaye kwa kweli sio mdudu wa kundi hili, ana miguu minane kama buibui, akishang'ata mvute na kibano karibu na ngozi, polepole na moja kwa moja, usimchome na kiberiti. Na nyumba za udongo za zamani, hasa ukikata kuelekea Dodoma, zina papasi, ndugu yake kupe, anajificha kwenye nyufa za sakafu, anatoka usiku ananyonya dakika chache anarudi, hata humuoni, ila homa yake inakuja inaondoka, inakuja inaondoka. Ukikaribishwa kulala kwenye nyumba ya hivyo omba kitanda badala ya mkeka, au tandika hema la ndani sakafuni, sema tu mgongo unauma ili usimvunjie mwenyeji heshima. Ndala usivue pia kwenye vumbi la uani, maana kuna funza. Huyu ni mgeni kama mahindi, aliletwa na meli kutoka Brazili ikatua Angola mwaka 1872, na haikufika miaka thelathini akawa ameshavuka bara zima mpaka pwani yetu, kwa miguu ya watu. Misafara ilimbeba kama sisi tunavyobeba kunguni.

Nguo sasa. Kila mwendesha baiskeli anafua kaptula jioni na kuianika kwenye majani au kichaka, na hapo kuna inzi mmoja anayetaga kwenye nguo mbichi na mchanga wenye unyevu, hasa kivulini. Mayai yanaanguliwa, buu anaingia kwenye ngozi ukivaa, unapata jipu ambalo linacheza. Kwenye kaptula ya baiskeli, fikiria jipu linakaa wapi. Nyumbani tulipigishwa pasi kila kitu mpaka soksi na tukaona bibi anatuonea, kumbe joto la pasi ndo linaua mayai. Njiani pasi hakuna, kwa hiyo anika kwenye jua kali kabisa, juu ya mizigo ukiwa unaendesha, huyo inzi jua hapendi na wewe hutulii. Jipu likishatokea paka mafuta mazito ya mgando juu ya kitundu, buu anakosa hewa anatokeza, ndo unamkamua. Usimkamue kabla, akipasukia ndani ni shughuli nyingine.

Dawa ya nguo ndo kitu ambacho chupa yangu ya kwanza haikunipa. Inaitwa permethrini, ni jamaa wa ile iliyoko kwenye vyandarua vyetu, unapulizia nguo na hema nyumbani, unaacha ikauke kabisa, inadumu mifuo kadhaa. Haipakwi kwenye ngozi, na paka wa nyumbani muweke mbali ikiwa mbichi, inamdhuru. Yenyewe ni nakala ya kiwandani ya kemikali ya maua ya pareto, yanayolimwa kulekule nyanda za juu kusini tunakokimbilia, unaweza kupita kando ya shamba la pareto umevaa nguo yenye nakala yake. Kwa kupe na mbu inasaidia sana. Kwa mbung'o kidogo. Kwa kunguni usiiamini, wengi wameshaizoea, na hata mbu wa sehemu nyingi wameizoea ndo maana siku hizi kuna vyandarua vyenye dawa mbili.

Kunguni basi, tumalizane nao. Yeye haruki, hana haraka, anasubiri kitanda. Ukiingia gesti usitupe begi kitandani kwanza, najua umechoka. Acha mizigo kwenye baiskeli, washa tochi, inua godoro pembeni pale kwenye mshono na kwenye kona za chaga, tafuta vidoti vyeusi kama vya kalamu ya wino. Ukiviona omba chumba kingine kistaarabu, sio cha jirani. Kunguni haambukizi ugonjwa unaojulikana, anakunyima usingizi tu na kukutia aibu, kwa sababu safari inaisha yeye anabaki. Mimi gesti moja ya njiani, siitaji, ilinipa familia nzima, nilikuja kuwagundua Tabata baada ya wiki mbili kwenye mshono wa begi la pembeni. Sasa begi haliingii ndani. Linavuliwa barazani, nguo zote zinaingia kwenye maji ya moto au zinapigwa pasi ya moto, begi lenyewe linafungwa kwenye mfuko mweusi linawekwa juu ya bati la saa saba mchana. Joto la kuzidi nyuzi 50 hawaliwezi, na bati la Dar mwezi wa pili unalijua.

Imebaki homa. Malaria haitokei siku ya kuumwa wala kesho yake, inachukua angalau siku saba na mara nyingi zaidi, kwa hiyo wengi inawakuta wameshafika nyumbani, wameshasahau, wanasema ni uchovu wa safari. Wageni kutoka nje huwa wanameza kinga, na wanaotumia doksi, yaani doksisaiklini, wajue inafanya ngozi iungue jua haraka, kwa mtu wa baiskeli hilo ni jambo. Sisi wenyeji mara nyingi hatumezi, basi angalau chandarua kiwe kwenye begi, na homa ya wiki hizo za mwanzo ikapimwe siku hiyohiyo. Kipimo kikisema malaria, dawa mseto umalize dozi. Kikisema hamna, usimeze mseto "kwa tahadhari", inaweza kuwa dengi, na kwenye dengi unatumia panadoli na maji mengi, asprini na brufeni acha maana zinaweza kuongeza kutoka damu.

Na kama ulipita hifadhi ya Mikumi au ya Saadani, na homa haieleweki, au pale mbung'o alipokuuma pamevimba pakawa na kidonda kigumu, waambie. Kile kipimo cha haraka cha malaria cha kutoboa kidole hakioni kabisa vimelea vya malale, vinaonekana kwenye darubini, na mtu wa maabara ya mtaani Dar hana sababu ya kuvitafuta asipojua ulikuwa nyuma ya fuso porini umevaa jezi ya bluu. Neno Mikumi liseme kabla hujanyoosha kidole.